Mbegu Usiyoijua Kwenye Nafaka Si Taka

Kila msimu wa mavuno napokea picha za viganja vilivyoshika mbegu nyeusi na swali moja: "Bwana shamba, hii ni nini?" Swali hilo ni zuri. Linalonisumbua ni sentensi inayofuata: "Tajiri ameshanunua, amesema ni uchafu tu."

Msimamo wangu ni huu: mbegu ngeni ndani ya gunia isihesabiwe kuwa uchafu mpaka ijulikane ni ya mmea gani. Jiwe litavunja jino na pumba itapunguza uzito, lakini mbegu nyingine zinaua.

Mfano ni mnanaha. Mmea huu hupenda ardhi yenye rutuba karibu na mazizi, majalala na pembezoni mwa shamba. Majani yake yana meno na harufu mbaya, ua lake ni jeupe au la zambarau lenye umbo la tarumbeta, na tunda lake lina miiba na hupasuka sehemu nne. Tunda moja hubeba mamia ya mbegu bapa, zenye umbo la figo, rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi, upana wa milimita 3 hivi, na uso wenye vishimo vidogo. Ukivuna bila kuling'oa kwanza, mbegu hizo huingia kwenye gunia pamoja na mtama.

Sumu yake haiondoki kwa kupika ugali au uji. Aliyekula hukauka kinywa, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, ngozi huwa ya moto, kisha huanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Wapo watakaosema amepandwa na mashetani. Msipoteze muda kwa maziwa wala kwa mganga. Mpelekeni kituo cha afya haraka, na mbebe unga uliobaki.

Msidhani nawatisha. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 walifariki baada ya kula unga wa lishe wa mahindi na soya uliogawiwa kama chakula cha msaada. Sumu iliyogunduliwa ni hiyohiyo ya jamii ya mnanaha. Unga ule ulitoka kiwandani. Kama kiwandani ilipita, itashindwaje kupita kwenye mashine yetu ya kusaga hapa kijijini?

Sasa, utaitambuaje? Tandaza kopo moja la nafaka kwenye karatasi nyeupe, zitenge mbegu ngeni, uzitazame umbo, rangi, uso na ukubwa. Usizionje. Kisha rudi shambani ukatafute mmea wenyewe kwenye mabua, maana tunda lililokauka hujieleza kuliko mbegu. Ukipenda, otesha chache kwenye kopo, ila zisipoota usiseme ni salama, kwa sababu mbegu za magugu mengi hulala muda mrefu. Wengine huniuliza kama ni kiduha. Mbegu za kiduha ni kama vumbi, hivyo ile unayoweza kuishika kwa vidole viwili si kiduha. Ukishindwa, zifunge kwenye karatasi kavu pamoja na tawi lenye tunda, umpelekee afisa ugani. Naye akikwama, Arusha kuna wataalamu wa mimea wa TPHPA.

Kusafisha kunategemea zao. Kwenye mahindi na soya, chekeche huangusha mnanaha na kubakiza nafaka. Kwenye ulezi ni kinyume: ulezi hupita, mnanaha hubaki juu. Mtama ndio mgumu, kwa kuwa ukubwa unakaribiana. Hapo ni ungo, macho na mikono. Machicha ya chekeche yachomwe moto. Usiwamwagie kuku, wala usitupe kwenye mbolea, utakuwa umepanda upya.

Najua hoja ya wafanyabiashara: gunia moja chafu likichanganywa na kumi safi, mbegu hazionekani. Ndiyo, hazionekani, lakini zimeshaenda nyumba kumi na moja badala ya moja. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinautaja mnanaha, mbarika na jamii ya marejea kwa majina, kuwa mbegu ambazo mahindi hayapaswi kuwa nazo kwa kiasi cha kuhatarisha afya. Mnunuzi mkubwa akizikuta, atakurudishia lori zima, si gunia moja.

Ila nanyi wanunuzi, mkimlipa anayechekecha bei ileile ya asiyechekecha, mwakani hatachekecha. Wekeni bei ya nafaka safi, hata kama tofauti ni ndogo kwa kilo, na mfungue gunia mbele ya mwenye nalo kabla ya kupima. Mkulima naye ang'oe mnanaha kabla haujazaa, na anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Msimu huu, kabla ya kushona gunia, mwaga kopo moja kwenye karatasi nyeupe. Ni kazi ya dakika tano.