Mtoto Asiyehesabiwa

Juma hili tumzungumzie jirani ambaye hatumhesabu. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, huwataja wanaokwenda shule na wanaocheza uani. Lakini pengine yupo mmoja alazwaye chumba cha ndani, ambaye mlango wake hurudishwa kila mgeni abishapo hodi. Huyo ni mtoto mwenye ugonjwa wa kichwa kikubwa.

Yafaa tuuelewe ugonjwa huu. Kila siku mwili hutengeneza maji ya kuulinda ubongo, kisha huyaondoa. Njia ya maji hayo ikiziba, hujikusanya ndani ya ubongo. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa hutanuka. Madaktari wamegundua kwamba hapa Uganda chanzo kikubwa ni maambukizo yampatayo mtoto katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Si laana, wala si uchawi wa mke mwenza. Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali hilo, akamponya yule mtu.

Sisi wakazi wa Malukhu hatuna udhuru wa kutojua, kwani tiba imo mjini mwetu. Hospitali ya Watoto ya CURE, ambayo ni ya Kikristo, ilifunguliwa hapa Mbale mwaka 2001. Hapo awali tiba iliyozoeleka ilikuwa kumtia mtoto mrija wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huo huweza kuziba wakati wowote, na mtoto wa kijiji cha mbali huweza kufa kabla ya kufikishwa kwa mpasuaji. Daktari Benjamin Warf kutoka Marekani aliendeleza hapa njia nyingine: kufungua tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuunguza sehemu inayoyatengeneza. Daktari John Mugamba, Mganda mwenzetu, aliiendeleza kazi hiyo. Uchunguzi uliofanywa Mbale kwa watoto wachanga 100, na kutangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuwa nyuma ya wale wa mrija.

Hivyo wapasuaji wa nchi nyingine wamejifunza kutoka Mbale. Itakuwa aibu ikiwa sisi majirani hatujajifunza kubisha hodi.

Tufanye nini? Kwanza, tujue dalili: kichwa kinachokua upesi, utosi uliovimba, macho yanayoelekea chini, na kutapika mara kwa mara. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari bila kungoja, kwa maana ubongo ulioharibika kwa kukawia haurudi ulivyokuwa, hata maji yakipunguzwa.

Pili, tumtazame mama. Mara nyingi yeye hulaumiwa, na wengine huachwa na waume zao. Mwenye nauli amchangie. Asiye nayo awapikie watoto wanaobaki nyumbani mama anapokwenda hospitali. Akina baba, kumbukeni kwamba mtoto huyo hubeba jina la ukoo wenu sawasawa na ndugu zake.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Kichwamaji ni tusi tulitumialo kwa mzaha, na mama wa mtoto huyo hulisikia.

Katika mfano wa kondoo na mbuzi, waliosifiwa hawakukumbuka hata wema walioutenda. Walikuwa wamelisha, wamevika na kutembelea tu. Basi Jumapili hii, baada ya ibada, piteni katika nyumba ile ambayo mlango wa ndani hurudishwa. Ulizeni kwanza jina la mtoto, kisha ombeni kumpakata.