Lubumbashi: mpiga picha wa mpira atafute mwangaza, si urefu tu

Vijana wengi wanaopiga picha za mpira mjini Lubumbashi wanaweka dola kidogo kidogo kwa miezi, kisha wananunua lenzi ya kufika milimita 300 kwa sababu ni ndefu na bei yake ni nafuu. Hapo ndipo pesa yao inapotea.

Ili mchezaji anayekimbia asitoke na ukungu, kamera inahitaji kasi ya karibu 1/1000 ya sekunde. Lenzi nyingi za bei nafuu, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Ile ya milimita 70-200 yenye f/2.8 inaingiza mwangaza mara 4 ya huo. Mechi ya saa tisa na nusu inamalizika jua likielekea kuzama. Hapo tofauti inaonekana kwenye uso wa mfungaji.

Urefu unaopungua unafidiwa na miguu. Kiwanja kina karibu mita 105, hata lenzi ya milimita 300 haileti vizuri goli la mbali. Afadhali kukaa karibu na kona na kungojea mashambulizi yaje.

Ni kweli, lenzi hiyo ni ghali. Lakini ya okazi, iliyojaribiwa kwanza kiwanjani, inashinda mpya yenye giza. Wapiga picha watatu wenye kamera za aina moja wanaweza kuinunua pamoja na kuitumia kwa zamu.

Mchezaji wa timu ya mtaa hafuatwi na televisheni. Picha moja safi ndiyo ushahidi wake kwamba anajua mpira.