Umbali Si Mwendo

Kutoka kiwanja cha ndege cha Unguja hadi kile cha Karume, Chake Chake, kisiwani Pemba, ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo huzikata kwa takriban nusu saa. Angani hamna kona wala kizuizi. Mwanafunzi akigawanya umbali kwa kasi, jibu lake halitapishana sana na saa ya abiria. Taabu huanza pale hesabu hiyo inapodhaniwa kuwa inafaa kila mahali.

Na tuuchukue mji wa Lafey, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka hapo hadi mji wa Mandera utapata umbali usio tofauti sana na ule wa Unguja na Pemba. Lakini nani asafiriye kwa rula? Kwa miaka kadhaa mashambulizi na mabomu ya kutegwa yaliwafanya madereva wengi waikwepe barabara ya El Wak, Lafey na Mandera, wakazunguka kupitia Rhamu. Ramani haikubadilika hata kidogo; safari ikarefuka.

Kiswahili kilikwisha kuitambua tofauti hii. Umbali ni nafasi iliyopo baina ya vitu viwili, awepo mpitaji au asiwepo. Mwendo hauna maana pasipo mwendaji. Wazee waliposema "mwendo wa siku tatu" walijumlisha humo jua, visima, mizigo na usalama wa njia. Wapo wanafunzi wanaodhani kuwa huo ni ujinga wa enzi zisizojua kilomita. La hasha! Ni kipimo kilichokamilika zaidi.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa, na abiria 28 wakauawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Safari hiyo kwa ndege ni ya saa mbili hivi. Kwa basi ni ya mchana na usiku. Mwalimu mwenye nauli ya ndege na mwenzake asiyekuwa nayo, ingawa walifundisha shule moja, hawakuwa mbali na nyumbani kwa kiasi kimoja. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hilo. Wanafunzi walibaki.

Posho ya mazingira magumu ipo, nami siidharau. Hata hivyo, kiwango chake hufuata daraja la mwalimu, wala hakiulizi anapita njia gani kufika kazini. Tume ikitaka walimu wakubali kwenda Lafey na kurudi huko baada ya likizo, na ihesabu mwendo: iwalipie nauli ya ndege kati ya Mandera na Nairobi kila muhula unapofunguliwa na kufungwa, pamoja na usafiri wenye ulinzi kutoka Mandera hadi shuleni.