TAHARIRI: Filta mpya isiwe kifo cha mnyama wako

Ukitaka kujua kijana anampenda kiasi gani mnyama wake wa majini, usiangalie picha anazoposti. Mwangalie siku anapobadilisha filta.

Hiyo ni mojawapo ya siku hatari zaidi kwa kiumbe anayeishi ndani ya tangi la kioo. Mwenyewe amenunua kichujio kipya, kikubwa, kisicho na kelele. Anang'oa cha zamani, anakitupa pamoja na sponji yake iliyojaa uchafu, anafunga kipya na kukaa kitako. Maji yanang'aa, mambo fiti. Siku chache baadaye mnyama anakataa chakula. Wiki haijaisha, anaelea. Lawama zote zinamwendea muuza duka.

Tuzungumzie aksolotli, kwa sababu ndiye anayetamaniwa sana na vijana siku hizi. Wengi walimjua kupitia mchezo wa Minecraft, alikoingizwa mwaka 2021. Mwaka huohuo Mexico ilitoa noti ya peso 50 yenye picha yake. Ana uso kama wa mtu anayetabasamu, matamvua yaliyochomoza nje ya kichwa kama manyoya, na akikatika mguu huota mwingine. Tena hubaki na umbo la utotoni maisha yake yote.

Lakini kwao hali ni mbaya. Makao yake ya asili ni mifereji ya Xochimilco, jijini Mexico City. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kuwepo takriban aksolotli 6,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Kufikia 2014 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 36. Karibu wote walio hai leo wamo ndani ya matangi na maabara. Kwa hivyo anayemfuga hana kisingizio cha kubahatisha.

Sasa turudi kwa filta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzoa takataka zinazoonekana. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Ndani ya sponji ya filta huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Nitrati huipunguza wewe mwenyewe kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Bakteria hawa hawauzwi pamoja na filta. Huota polepole, na huchukua wiki nne hadi sita kutosha kazi. Ukitupa sponji ya zamani, umewafuta kazi wafanyakazi wote kwa siku moja huku ukitarajia kiwanda kiendelee kuzalisha. Maji yatang'aa, ndiyo. Sumu haina rangi.

Aksolotli huumia upesi zaidi kuliko samaki wengi kwa sababu ngozi yake ni laini na matamvua yake yako wazi, hayana kifuniko. Isitoshe, ametoka kwenye maji yaliyotulia. Filta yenye nguvu humsukuma mchana kutwa kama mtu aliyelazimishwa kulala kando ya feni ya kiwandani. Ukiona ncha ya mkia imejikunja, matamvua yamepinda kuelekea mbele, au anakimbiakimbia na kugonga vioo, jua anateseka.

Kumsaidia azoee si kazi ngumu. Ni kazi ya subira.

Kwanza, usiondoe filta ya zamani. Ziache zote mbili zifanye kazi pamoja kwa muda usiopungua wiki nne. Kama tangi ni dogo na hazitoshei, chukua sponji ya zamani uitie ndani ya filta mpya. Pili, sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Usiioshe kwa maji ya mfereji yenye klorini, kwani klorini iliwekwa humo iue vijidudu na haichagui wabaya na wazuri.

Tatu, anza na nguvu ya chini kabisa. Elekeza mdomo wa filta ukutani mwa kioo, au ufunike kwa kipande cha sponji ili maji yatoke taratibu. Nne, pima maji kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Amonia na nitriti zinafaa kuwa sufuri. Zikionekana, badilisha robo au thuluthi ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lilelile. Tano, punguza chakula siku hizo, na usibadilishe kitu kingine chochote. Mawe, mimea na mahali pa kujificha vibaki palepale. Mgeni mmoja kwa wakati mmoja anatosha.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa Madogo na ng'ambo ya mto, Garissa. Aksolotli anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 24 kwa muda, anaanza kuugua. Madogo jua la mchana hufikisha nyuzi 35 bila shida. Feni juu ya tangi itapunguza nyuzi chache tu, na chupa za barafu zinayeyuka kabla hujamaliza chai. Mashine ya kupoza maji ipo, lakini ni ghali na inahitaji stima saa 24. Stima ikikatika, filta inasimama, na bakteria ndani yake huanza kufa kwa kukosa oksijeni baada ya saa kadhaa. Filta inaporudi, inatema uchafu wao ndani ya tangi.

Kwa hivyo tunasema wazi: kama huna uwezo wa kupoza maji usiku na mchana, aksolotli si mnyama wa Madogo. Mpende kwenye simu. Isitoshe, yumo kwenye orodha ya viumbe vinavyolindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya imetia saini, kwa hivyo kumvusha mpaka bila vibali ni kutafuta balaa.

Anayetaka tangi na afuge samaki wanaostahimili joto, kama gapi au tilapia wadogo. Hata hivyo somo la filta halibadiliki, tena kwenye joto ndipo lina uzito zaidi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na amonia huwa kali zaidi. Kama unatumia maji ya Tana yanayoletwa na mkokoteni wa punda, yaache kwenye pipa siku moja au mbili matope yashuke, la sivyo sponji itaziba wiki ya kwanza. Na kama nyumbani mna sola, pampu ndogo ya hewa ya betri itawaokoa samaki usiku ambao stima imepotea.

Wapo watakaouliza: Madogo ambako mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara pale Mororo, ambako mwaka mwingine ni ukame, mnatuletea habari za filta? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kufuga. Lakini ukishamfungia kiumbe ndani ya kioo, hawezi kutafuta maji mengine. Wewe ndiye mto wake. Na ujuzi huu si wa starehe pekee: kijana anayeelewa amonia na bakteria kwenye tangi la lita 40 ameshaanza kuelewa kwa nini samaki wa bwawa la biashara hufa wote kwa usiku mmoja.

Jambo la mwisho, na ni zito. Ukichoka na mnyama wako, usimwage mtoni. Watu wa Tana River hawahitaji kufundishwa madhara ya kiumbe mgeni. Mathenge uliletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa na kutoa kuni, leo umemeza malisho na kuziba njia. Tana una viumbe wake, akiwemo kamongo wa kule delta, ambaye akiwa mdogo naye ana matamvua ya nje kama ya aksolotli. Ajabu tunayoitafuta Mexico tunayo hapa mtoni, na haistahili kuletewa magonjwa kutoka kwenye tangi la mtu. Mpe rafiki anayejua kufuga, au mrudishe dukani.

Kabla hujanunua filta mpya wikendi hii, jiulize kama unaweza kuvumilia kuiona ile kuukuu, chafu, ikiendelea kunguruma kando yake kwa mwezi mzima. Kama huwezi, bado hujawa tayari kufuga.