Msamaria alilipa bili

Ikifika Desemba, wodi za hospitali hupata wageni. Huja wanakwaya, umoja wa akina mama, vijana wa parokia na wa usharika, wamevaa fulana za rangi moja na kubeba katoni za sabuni, sukari, juisi na biskuti. Bango hutangulia. Anaomba mchungaji au katekista, zinapigwa picha, na saa sita mchana haijafika wameshaondoka. Ukiwatafuta Machi au Agosti huwaoni.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na nilikuwa muuguzi huku kanda ya ziwa mpaka nilipostaafu. Nayasema haya nikiwa ndani ya nyumba, sichungulii dirishani. Kuna swali ambalo mimbarini haliulizwi sana: tunapomsaidia mtu kwa ajili ya Yesu, yule mtu mwenyewe tumemwona?

Mahubiri ya kuhimiza sadaka kwa wahitaji karibu yote hutoka Mathayo 25, habari ya hukumu ya mwisho. Tunaipenda kwa sababu inatuahidi kwamba sahani aliyopewa mwenye njaa imemfikia Kristo mwenyewe. Tunachoruka ni kwamba wale waliosifiwa walishangaa. Hawakuwa na habari yoyote. Walimlisha mwenye njaa kwa kuwa ana njaa, wakaenda gerezani kwa kuwa kuna mtu kafungwa, basi. Sisi tumeshaambiwa siri, na tangu tuambiwe tumekuwa tukimtafuta Mfalme kwa macho, juu ya bega la mgonjwa.

Nitoe mfano wa wodini. Kulikuwa na mama mmoja, mwanawe wa miaka saba alianguka mwembeni akavunjika paja. Mtoto wa paja hulala kwa wiki nyingi, mguu umefungwa kamba inayopita kwenye puli hadi kwenye uzito unaoning'inia miguuni pa kitanda. Mama hulala chini, juu ya mkeka. Mfupa ulipounga, daktari aliandika ruhusa, lakini mama hakutoka. Serikali imewasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano, na wake alishapita umri huo. Bili ikabaki haijalipwa, na hata ingelipwa, nauli ya kurudi kijijini hakuwa nayo. Akaendelea kukaa, akifua nguo za wagonjwa wengine apate chochote.

Wakati huo ndipo msimu wa wageni ulipoingia, kila kundi na sabuni zake. Kikabati cha kando ya kitanda kilijaa miche ya sabuni hata mlango haufungi. Asubuhi moja akaitia kwenye mfuko wa salfeti, akaenda kuiuza duka la getini kwa bei ya kutupa. Mwenye duka alishazoea. Nusu ya wodi ilikuwa ikimuuzia. Habari zikamfikia kiongozi wa kundi mojawapo, akaja juu: tunawaletea vitu vya Mungu, wao wanafanya biashara! Mama alikuwa amesimama palepale. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba. Sabuni ninayo. Ninachotaka ni kwenda nyumbani."

Yule baba hakuitikia hata shikamoo.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamka alfajiri, ametoa fedha zake na mafuta ya gari lake. Lakini nia ya mtoaji huwezi kuijua siku anapotoa na akashukuriwa. Utaijua siku mpokeaji anaposema hapana, au anapoomba kingine. Aliyekuja kwa ajili ya mgonjwa atauliza, "Kwenu ni wapi, na nauli ni shilingi ngapi?" Aliyekuja kwa ajili ya mbingu yake atakasirika, kwa kuwa mgonjwa amemharibia sadaka.

Tabia hii ina umri mkubwa kuliko fulana za kwaya. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misheni Bagamoyo, na hapo kikakua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Waliwanunua, wengi wakiwa watoto, wakawapa shule, ubatizo na kazi ya shamba, kisha walipokua wakawaozesha wao kwa wao. Watoto walipendelewa kwa sababu walitazamwa kama mbegu ya Kanisa la bara. Kipindupindu kiliwapitia, kisha kimbunga cha 1872 kikawaangushia majengo, na mapadre hawakukimbia. Wengi wao wamezikwa palepale. Sitaki mtu awabeze mbele yangu, maana aliyefunguliwa mnyororo kafunguliwa, hata kama mfunguaji alikuwa na hesabu zake.

Ila hesabu zilikuwapo. Kijiji kilikuwa na kengele yake, ratiba yake na adhabu zake, na aliyeondoka bila idhini alihesabiwa mtoro. Huko Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na Waanglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, mambo yalifika mbali zaidi: msimamizi wake alilaumiwa na Waingereza wenzake kwa kuwachapa viboko watu waliokuwa wameokolewa kutoka kwenye viboko hivyo hivyo. Ukombozi ule ulikuwa wa kweli. Lakini mkombozi alishaamua mapema aliyekombolewa atakuwa mtu wa namna gani, na hakuandaa jibu kwa yule ambaye angetaka kuwa mtu mwingine.

Aliyelisema jambo hili vizuri kuliko maaskofu wengi alikuwa mlei. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Marekani. Angeweza kuwashukuru kwa shule na zahanati akakaa chini. Ndivyo viongozi wetu hufanya mbele ya wafadhili. Badala yake aliwaambia kwamba umaskini peke yake si tatizo kubwa kama mgawanyiko wa wenye nacho na wasio nacho, na nguvu waliyo nayo wale juu ya hawa. Aliwataka wafanye kazi pamoja na watu, waingie katika taabu zao, na akaonya kwamba Kanisa lisiloshiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litakosa maana machoni pa watu hao hao. Najua wapo wanaosema hiyo ni siasa. Bili ya yule mama nayo ilikuwa siasa: kuna mahali watu walikaa mezani wakaamua nani asamehewe na nani asisamehewe. Kundi linalopeleka sabuni kila Desemba lakini halijawahi kumuuliza mbunge wake kuhusu bima ya afya limechagua siasa pia, ya kunyamaza.

Suala la nia lina uzito zaidi hapa kwetu kwa sababu fedha si zetu peke yetu. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, kupitia Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki, hospitali zetu nyingi zimekuwa zikipokea mishahara na ruzuku kutoka hazina ya umma. Waislamu wengi wamelalamikia makubaliano hayo kwa miaka mingi, na sisi tumezoea kuwajibu kwa kuhesabu vitanda vyetu. Jibu hilo halitoshi. Mzee Mwislamu aliyelazwa katika hospitali ya kanisa amelala kwenye kitanda ambacho kodi yake imechangia. Hana deni la kusikiliza mahubiri. Muuguzi mkuu wa wodi yetu, mama mmoja mkali ambaye hakukosa ibada Jumapili hata moja, alikuwa akitusalisha asubuhi ndani ya ofisi ya wauguzi, mlango umefungwa, kabla ya kupokezana zamu. Mhubiri mmoja alipotaka kupita kitanda kwa kitanda na spika, alimwambia asubiri saa ya kuona wagonjwa, kisha aende kwa watakaomwita. Aliitwa na wachache. Aliudhika, lakini sindano za saa nne zilichomwa saa nne.

Msamaria wa Luka sura ya 10 tumempaka rangi hata hatumtambui tena. Ukisoma polepole utaona mtu mwenye shughuli zake. Anafunga majeraha, anampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, anamfikisha nyumba ya wageni na kumuuguza. Kesho yake anampa mwenye nyumba dinari mbili, anaahidi kurudi kulipa gharama itakayozidi, anashika njia. Luka hasemi kama majeruhi alipata hata kulijua jina lake. Msamaria hakumwambia akipona aache kusali Yerusalemu, ahamie mlima Gerizimu. Alilipa bili, akaondoka.

Basi Desemba hii, kamati ya diakonia au ya karitasi iende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla ya kununua hata mche mmoja. Waulize nani ameruhusiwa na bado hajatoka. Orodha ipo, na majina mengine yana kiasi kidogo kuliko bei ya bango. Walipe dirishani, risiti iandikwe jina la mgonjwa. Mhazini atalalamika kwamba hana picha ya kuwaonyesha washarika. Awasomee jumla na namba za risiti, fedha za kanisa hazihitaji ushahidi mwingine. Ikibaki ya nauli, wasimkabidhi kondakta. Wampe mama mwenyewe mkononi, anajua basi lake.