Nywele za Masika na Sifa za Mafuta

Masika yaingiapo katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Mombasa na Tanga hata Unguja na Dar es Salaam, malalamiko kuhusu nywele huanza pamoja na matope. Kitana hutoka kichwani kikiwa kimejaa, maji ya kuogea huacha vishungi kwenye tundu la bafu, na mama aketiye barazani kusukwa huambiwa na msusi wake kwamba nywele zimepungua. Sababu hutajwa bila kusita: ni hewa hii ya joto na unyevu. Dawa nazo hazikosekani. Huyu huleta mafuta ya nazi yaliyopikwa kwa tui, yule mafuta ya nyonyo au ya habasoda. Mwingine maji ya kitunguu, utomvu wa shubiri mwitu, majani ya mkunazi yaliyofikichwa yakatoa povu, au ya mwarobaini yaliyochemshwa. Baada ya miezi michache nywele hurudi, na dawa iliyokuwa mkononi wakati huo hupata jina katika mtaa mzima.

Si haki kuzidharau dawa hizo kwa sababu tu zatoka jikoni. Baadhi yake zina kazi ya kweli, kama itakavyoonekana. Lakini mwalimu wa sayansi asikiapo sifa za namna hiyo yampasa aulize swali moja ambalo mtaani haliulizwi: je, nywele hizo zingalirudi hata kama kichwa kisingalipakwa kitu chochote?

Yafaa kwanza hewa itendewe haki. Ni kweli kwamba unywele huhisi unyevu, tena huuhisi vizuri ajabu. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake kipimaunyevu alichokiunda kwa unywele wa binadamu. Unywele huo hurefuka hewa inapokuwa na maji mengi na hufupika hewa inapokauka, na mshale uliounganishwa nao huonyesha mabadiliko hayo. Tofauti ya urefu kati ya hewa kavu kabisa na hewa iliyoshiba maji ni kiasi cha sehemu 2 hivi katika 100. Ni kidogo, lakini yatosha kuusogeza mshale, na vyombo vya aina hiyo vilitumiwa katika vituo vya hali ya hewa kwa muda mrefu sana. Jambo la kupendeza ni kwamba ilimbidi Saussure auondolee unywele wake mafuta kwanza kwa kuuchemsha katika maji ya magadi, kwa kuwa unywele wenye mafuta haukumpa vipimo vya kuaminika. Mafuta yalizuia maji. Bibi wa pwani ampakaye mjukuu wake mafuta ya nazi kabla ya kumwosha kichwa alikuwa akilijua jambo hilo hilo kwa upande wake wa pili.

Kinachotokea ndani ya unywele chaweza kuelezwa kwa ufupi. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo nyuzi zake zimeshikamana kwa vifungo vingi, baadhi yake vikiwa dhaifu. Maji yapenyapo huvilegeza vifungo hivyo dhaifu, unywele hunenepa, na magamba madogo yaliyoufunika kwa nje, mfano wa vigae vya paa, huinuka. Nywele zenye mviringo, kama zilivyo za Waafrika walio wengi, hujikunja zaidi na kunasana. Kitana kikipita hapo kwa nguvu, unywele hukatika.

Hata hivyo kilichokatika ni ule uzi ulio nje ya ngozi, ambao hauna uhai. Sehemu iliyo hai, yaani kifuko kinachouzalisha unywele, imo chini ya ngozi. Hulishwa na damu, na daima imo katika joto na majimaji ya mwili, liwe jua la kaskazi au mvua ya masika. Hewa ya Tanga haikifikii kifuko hicho zaidi ya inavyolifikia ini. Kwa hiyo yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: nywele kukatika na nywele kung'oka. Tofauti yake yaonekana kwa kioo cha kukuzia cha maabara ya shule. Unywele uliotoka na shina lake huwa na kijifundo cheupe mwishoni. Uliokatika hauna kijifundo hicho, na aghalabu ni mfupi.

Kwa nywele zinazokatika, mafuta ya nazi yana ushahidi. Mwaka 2003 watafiti wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya juu ya nywele kwa mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwa kiasi cha kuonekana, yakitumiwa kabla ya kuosha au baada yake. Asidi ya lauriki, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta hayo, ina molekuli nyembamba iliyonyooka, nayo huweza kupenya ndani ya unywele. Hapa dawa ya nyumbani imestahili heshima yake. Lakini heshima hiyo ni ya uzi wa nje. Majaribio hayo hayakuonyesha kwamba mafuta huotesha unywele mpya.

Nywele zenye kijifundo cheupe zina habari nyingine. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila moja ina kalenda yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha kifuko hupumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, ndipo unywele wa zamani huanguka na mpya kuanza. Kwa sababu hiyo mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kupungukiwa na kitu. Lakini mwili ukipatwa na msukosuko mkubwa, kama homa kali, upasuaji, njaa au uzazi, vifuko vingi huacha kazi kwa pamoja na kuingia mapumziko. Siku hiyo hakuna kinachoonekana. Nywele huanguka miezi 2 au 3 baadaye, wakati ambapo ugonjwa umekwisha kusahauliwa.

Basi na ahesabiwe mama aliyejifungua mwezi wa Desemba. Nywele zake zitaanza kutoka kwa wingi Machi au Aprili. Na ahesabiwe kijana aliyeugua malaria kali baada ya mvua za vuli, akalala kitandani mwanzoni mwa Januari. Naye zamu yake ni hiyo hiyo. Wote wawili wanafikia siku zao za kunyonyoka nywele wakati mawingu ya masika yametanda, nguo hazikauki na kila mtu analalamikia unyevu. Mshtakiwa yupo tayari. Hakuna anayerudi nyuma miezi mitatu kumtafuta mwenye kosa.

Mkasa huo haukomi hapo. Unyonyokaji wa namna hii kwa kawaida hupoa wenyewe, na nywele hurudi katika miezi inayofuata. Mama akianza kupaka nyonyo mwezi wa Mei, kufikia Septemba ataona nywele changa pembeni mwa uso. Angalipaka habasoda angaliziona. Asingalipaka kitu angaliziona vile vile. Ndiyo maana kila dawa ya nywele ina mashahidi wa kweli, wasiosema uongo hata kidogo, na ndiyo maana ushahidi wao hautoshi.

Njia ya kutoka katika fumbo hili ni kuweka kundi la kulinganishia, na kitunguu chatoa mfano mzuri. Mwaka 2002 madaktari wa Baghdad, Khalifa Sharquie na Hala Al-Obaidi, walitoa taarifa kuhusu wagonjwa wenye kipara cha madoa, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe huvishambulia vifuko vya nywele. Wagonjwa 23 walipakwa maji ya kitunguu mara 2 kwa siku, na 15 walipakwa maji ya bomba. Baada ya wiki 6 nywele zilikuwa zimeota kwa wagonjwa 20 wa kitunguu. Katika kundi la maji, hata baada ya wiki 8, ziliota kwa 2 tu. Hao wawili wa maji wana thamani kubwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa bila wao mtu asingaliweza kusema lolote juu ya wale ishirini. Pamoja na hayo jaribio lilikuwa dogo, na harufu ya kitunguu haifichiki: kila mgonjwa alijua alichopakwa. Tena lilihusu ugonjwa mmoja. Mama aliyejifungua, au mzee mwenye upara wa kurithi, hana sababu ya kujichubua ngozi kwa kitunguu kwa kutegemea habari za Baghdad.

Ingekuwa shabaha ya dawa hizi ni zile nywele zitakazorudi zenyewe tu, pasingekuwa na haja ya kupiga kelele. Mafuta ya nyonyo hayamdhuru mtu sana. Hasara iko kwenye siku zinazopotea kwa wale ambao nywele zao hazirudi zenyewe.

Wa kwanza ni mtoto wa shule mwenye mapunye. Hii ni kuvu inayoingia ndani ya unywele na kuukata, nayo hupitishwa kwa kofia, vitana na mashine za kunyolea zisizosafishwa. Hakuna mafuta, wala majani, wala hata marhamu ya dukani peke yake, yanayoifuata kuvu hiyo hadi ndani ya kifuko. Huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, ambayo imetumika tangu miaka ya mwisho ya 1950, na mtoto huitumia kwa wiki kadhaa kwa kipimo cha mganga. Mtoto apakwaye kitunguu saumu nyumbani kwa muhula mzima huongezewa kidonda, na huku akiwaambukiza wenzake wa dawati moja. Mwalimu aonaye kiraka chenye magamba kichwani mwa mwanafunzi amtume zahanati bila kumwaibisha. Kunyoa kichwa peke yake hakutoshi.

Wa pili ni msichana asukwaye kwa kukazwa. Hapa ndipo masika yanapopata hatia yake halisi, nayo ni hatia ya kupitia mlango wa nyuma. Kwa kuwa nywele zilizoachwa wazi hunasana katika unyevu, wengi huzisuka na kuziacha wiki nyingi, tena kwa kuongezea nywele bandia zenye uzito. Uchunguzi wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta upara wa kuvutwa nywele kwa wasichana wa shule wapatao 17 katika kila 100, na kwa wanawake watu wazima wapatao 32 katika kila 100. Mwanzoni hali hiyo hurekebishika: mtindo ukilegezwa, nywele za ukingo wa paji la uso hurudi. Mvutano ukiendelea kwa miaka, kifuko hufa na mahali pake hubaki kovu, na kovu haliotishi unywele kwa mafuta ya aina yoyote. Msichana ambaye baada ya kusukwa hawezi kukunja uso kwa maumivu, na ameota vipele kwenye ukingo wa nywele, amekwisha kupewa onyo. Kumpaka mafuta na kumsuka tena vile vile ni kumtoza fedha mara mbili.

Yako pia mambo ya kupimwa hospitali, kama upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wanaotokwa na damu nyingi, na magonjwa ya tezi ya shingo. Na mwenye mba ajihadhari na mafuta ya kupaka kila siku kwenye ngozi ya kichwa wakati wa joto, kwa maana viumbe vya kuvu vinavyoandamana na mba hula mafuta.

Shule za sekondari zaweza kulitia suala hili katika mizani bila gharama. Si vema kuvifanya vichwa vya wanafunzi kuwa uwanja wa majaribio ya dawa, lakini nywele zilizokwisha kuanguka hazimdhuru mtu. Shule moja ya Tanga na moja ya Dodoma zaweza kukubaliana kukusanya nywele za kitanani kwa wiki moja ya mwezi Mei, wakati Tanga ingali imelowa na Dodoma imekwisha kukauka. Kila mwanafunzi ahesabu zenye kijifundo cheupe na zisizo nacho kando kando, aandike mtindo wa nywele zake, na aandike kama aliugua homa kali mnamo Januari au Februari. Ikiwa unyevu hung'oa nywele, vijifundo vyeupe vya Tanga vitazidi vya Dodoma hata baada ya kuwaondoa waliougua. Ikiwa huzikata tu, tofauti itaonekana katika lile fungu la pili. Kinachohitajika ni karatasi nyeupe, kioo cha kukuzia, na barua kati ya walimu wawili.