Nyumba ya Mwisho Barabarani

Mtu akiambiwa kwamba katika Marekani, nchi yenye mali kupita nyingi za dunia, wako watu waliokosa kazi kwa sababu waya uliofika mlangoni pao ni ule ule wa simu wa zama za babu zao, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Si mzaha. Katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya nchi hiyo, penye watu wapatao 645,000 tu, milima, misitu, na theluji inayoanza Novemba na pengine isiyokwisha hata Aprili, jambo hili limekuwa shauri kubwa la wananchi kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Twaona yafaa lielezwe kwa wasomaji wetu, kwani ndani yake mna swali limhusulo kila mfanyakazi: nani aimiliki njia ambayo kazi yake hupitia?

Machi 2020, maradhi ya Korona yalipofunga maofisi, watu wengi waliambiwa wakafanyie kazi majumbani. Kwa mtu wa mjini hilo lilikuwa jambo la kuhamisha meza. Kwa mtu wa mlimani lilikuwa mashaka. Yalionekana magari yamesimama nje ya maktaba zilizofungwa, na ndani ya magari wamo wanafunzi na wazazi wao wakitafuta intaneti ya bure iliyopenya ukutani. Karani ajibuye simu za wateja, mhasibu, mwalimu, wote hawa hula kwa mstari ule. Ukikatika mara tatu kwa siku moja, bwana mkubwa hahesabu theluji iliyoanguka. Huhesabu simu zisizojibiwa.

Sababu ya upungufu huu haikufichika. Makampuni huhesabu nyumba zilizomo katika kila maili ya barabara. Penye nyumba mia hushindana; penye nne hawaonekani. Waya wa shaba aliobakiwa nao mkulima hudhoofika kwa umbali, na nyumba iliyo kilomita tano na zaidi kutoka kituo cha simu hupata masazo tu. Minara huzuiwa na vilima na miti. Setilaiti za zamani zi juu mno, karibu kilomita 36,000, hata neno moja likienda na jibu lake likirudi, nusu ya sekunde na zaidi imekwisha kupita, na walio mkutanoni hukatizana maneno bila kukusudia.

Hayo si mageni katika nchi ile. Katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa katika kila kumi hayakuwa na umeme, na makampuni yalishikilia kwamba kumfikishia mkulima hakulipi. Mwaka 1935 Rais Roosevelt aliunda idara ya umeme wa mashamba. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa, na vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe vikakopeshwa fedha. Nguzo zikasimama, na wakulima wakalipa.

Watu wa Vermont walishika njia inayofanana na hiyo. Machi 2008, katika mikutano mikuu ya miji ambayo hufanyika huko kila mwaka, miji zaidi ya ishirini ilipiga kura kuunda umoja wa kujenga nyuzi za kioo, nao ukaitwa ECFiber. Mwaka huo huo mabenki makubwa yakaanguka, na wakopeshaji wakafunga milango. Umoja haukutawanyika. Majirani waliukopesha wenyewe, na nyumba za kwanza zikaunganishwa mwaka 2011. Mwaka 2015 sheria ya jimbo iliitambua miungano ya namna hii, kwa sharti moja gumu: isiguse kodi ya wananchi, ijenge kwa mikopo na misaada, ilipe kwa ada za wateja. Mwaka 2021 jimbo likaunda bodi ya kuigawia miungano mingine iliyochipuka fedha za serikali kuu.

Hatusemi kwamba nyuzi hizo ni dawa ya kila ugonjwa. Mwanga upitao ndani ya kioo haujali theluji. Lakini waya ulioning'inia nguzoni waujali sana mti. Desemba 2022 theluji nzito yenye maji iliangusha miti juu ya nyaya, na maelfu ya nyumba zikabaki gizani. Tena waya wa zamani wa shaba ulileta umeme wake kutoka kituoni, hata simu ikalia nyumba ikiwa giza. Huu mpya hutaka umeme wa nyumbani, na asiye na betri hunyamaza pamoja na taa zake. Kuzika waya chini penye mawe ni gharama kubwa. Na nguzo ni mali ya wengine: umoja hulipa zitengenezwe kwanza, kisha hungoja. Fedha nyingi na miezi mingi huishia hapo.

Setilaiti mpya za SpaceX zi karibu zaidi, kilomita 550 hivi, nazo huzungumza vizuri. Sahani yake huyeyusha theluji iliyoiangukia, ingawa kwa kula umeme, na miti mirefu huikata. Hatuidharau. Kwa nyumba ya mwisho barabarani, isiyotarajia nguzo kwa miaka, imeokoa ajira. Ila mwenyewe ni kampuni moja, bei huipanga yenyewe, na hakuna mkutano wa Machi ambapo mteja aweza kusimama akaiuliza.

Ndiyo maana twautazama kwa makini uamuzi wa Washington. Sheria ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 kwa kazi hii, na kanuni za mwanzo zilipendelea nyuzi. Juni 2025 upendeleo huo ulifutwa. Mwenye gharama ndogo ndiye atangulie, awe wa waya au wa angani. Wanaotetea badiliko hili husema fedha ya umma isitapanywe, na hoja yao si tupu: ziko nyumba ambazo kuzifikishia waya ni maelfu mengi ya dola kwa kila moja. Lakini urahisi wa siku ya kwanza na urahisi wa miaka thelathini ni hesabu mbili. Kuna na la tatu, ambalo wakubwa hulipita upesi. Msaada wa dola 30 kwa mwezi, uliozifaa nyumba zaidi ya milioni 23, ulikoma Juni 2024 kwa kuwa Bunge halikuongeza fedha. Waya mlangoni pa asiyeweza kulipa ni kamba ya kuanikia nguo.

Mfanyakazi atakaye kuhamia milima ile asimwulize mwuzaji wakati wa kiangazi. Amwulize jirani wa barabara ile ile, na amwulize Januari. Aulize pia mwendo wa kupandisha, si wa kushusha peke yake, kwa kuwa sauti na sura yake mkutanoni hupanda. Kipimo cha serikali tangu Machi 2024 ni megabiti 100 za kushusha na 20 za kupandisha kwa sekunde. Aweke betri, na simu ya mkononi iwe njia ya pili endapo mnara unafika. Kisha aulize kama mji wake umo katika umoja. Kila mji uliomo hupeleka mjumbe halmashaurini, na mteja ambaye waya wake umelala chini ya mti aweza kwenda kumgongea mjumbe huyo mlango jioni ile ile.